Mzee Zadock Owiti na Neno la Katito

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Bw. Zadock Owiti anastaafu baada ya kuitumikia serikali kwa miaka thelathini na mitatu, yote hapa Kisumu, katika idara na ofisi za barabara ambazo zimebadilisha majina mara nyingi kuliko yeye alivyobadilisha kofia. Kofia ni ile ile ya kahawia. Wanaomjua kwa sauti tu, na hao ni wengi kuanzia Asembo Bay hadi Nyakach, watashangaa kusikia kwamba mwenye sauti ile ametimiza miaka sitini. Sisi tunaokaa naye tulijua tangu mwaka jana kwamba amezeeka, na tunajua alizeeka lini.

Kamati ya sherehe iliniomba niandike kurasa za kuchangamsha. Nimejaribu. Zadock ana vituko vingi na vichache nitavitaja, lakini msomaji anisamehe nikishindwa kumchekesha hadi mwisho. Meza yangu iko karibu na yake, na ndimi niliyekuwa nikiandika kumbukumbu za mabaraza yake yote ya miaka ya karibuni. Kuna mambo ambayo nikiyaruka nitakuwa nimemuaga mtu mwingine.

Nyumbani kwao ni Katito, ila alikulia Kaloleni, katika zile nyumba za zamani za baraza la mji, ambako anasema alijifunza kuongea kwa sauti kwa sababu kila ukuta ulikuwa na jirani mbishi. Alianza kazi mwaka 1992 akiwa kibarua wa kuwashikia wapimaji kamba. Kipaji chake kiligunduliwa kwa bahati. Mwenye shamba mmoja aliwatoa wapimaji mbio, panga mkononi, nao wakakimbilia kwenye gari. Zadock alibaki kwenye ua akimsalimia yule mzee, akamuuliza habari za ng'ombe, za watoto, za mvua. Wapimaji walipochungulia tena walimkuta ameketi, anakunywa uji. Tangu siku hiyo, palipokuwa na ugomvi alitangulizwa yeye, na baada ya masomo ya jioni na miaka ya subira akapewa cheo kilicholingana na kazi aliyokuwa akiifanya bure: afisa wa ushirikishaji wa umma.

Wageni hudhani barabara ya kulipia huanza na tingatinga. Zadock aliwaambia wanagenzi wetu kwamba huanza na kiti cha plastiki. Kwanza ofisi huandika wazo: kwa nini barabara hii haiwezi kujengwa kwa kodi ya kawaida, magari mangapi hupita, na asiye na pesa ya kupitia atapita wapi. Wazo hilo hupelekwa Nairobi, na wakubwa wakilikubali hurudi na ruhusa ya kulichunguza. Wahandisi huenda kuhesabu magari, watu wa mazingira hukagua mito na vinamasi, na watu wa hazina hupiga hesabu zao. Lakini kabla faili haijapanda ngazi ya pili, lazima wananchi wakusanywe, waelezwe, wasikilizwe, na walilosema liandikwe kama walivyolisema. Hapo ndipo viti hukodishwa na Zadock kuitwa. Ripoti yake ikikosekana, faili hulala.

Aliifanya kazi hiyo kwa raha. Kipaza sauti alikikataa, akidai kwamba kinamfanya asikike kama mnada. Kompyuta aliichapa kwa kidole kimoja, taratibu, mpaka tukawa tunamuuliza kama anapanda mahindi. Chai yake ilikuwa na sukari kiasi kwamba kijiko kilisimama. Na alikuwa na wivu na maneno. Alikuwa akisema kwamba neno la ofisini halina budi kuvuliwa viatu kabla ya kuingia nyumba ya watu. Siku moja Asembo Bay, wavuvi na wachuuzi walikuwa wakimtazama kwa mashaka kila alipotaja upembuzi yakinifu. Akamwomba mama mmoja ungo wa mtama, akaupepeta mbele ya watu, makapi yakaruka, punje zikabaki. Akawaambia kwamba wahandisi wanataka kufanya hivyo na barabara yao, waone kitakachobaki. Mkutano mzima uliitikia. Ungo ule alisahau kuurudisha, na mwenyewe aliufuata hadi ofisini.

Mtu huyo ndiye aliyekosea Katito.

Ilikuwa mwaka juzi. Lilikuwa limeletwa wazo la kuifanya sehemu moja ya barabara iendayo Katito iwe ya kulipia, na ofisi yetu ikaagizwa ianze hatua za kutafuta kibali. Karatasi ya maelezo ilitoka Nairobi ikiwa imepitiwa na wanasheria, na ndani yake barabara hiyo iliitwa barabara ya malipo. Mhandisi Griffin, mkuu wetu wa wakati huo, alimwomba Zadock asiyachezee maneno ya karatasi, maana yalikuwa yamepigwa muhuri. Wingu lilikuwa limetanda juu ya milima ya Nyakach, akina mama walikuwa na bidhaa zao wazi sokoni, na kila mtu alitaka kumaliza kabla ya mvua. Zadock akasoma kama ilivyoandikwa. Alipofika kwenye jina la barabara akalitafsiri kwa Kijaluo neno kwa neno: ndara mar chudo.

Sasa, chudo ni malipo, na malipo yana pande mbili, ya kutoa na ya kupokea. Mara ya mwisho ofisi yetu kufika Katito na neno hilo, tulikuwa tumekuja kuwafidia waliokatwa viwanja barabara ilipopanuliwa. Watu walikumbuka. Zadock aliposema malipo, walisikia kwamba fidia inarudi. Makofi yalipigwa, vigelegele vikapigwa, na mama mmoja anayeuza nyanya njia panda ya Kendu Bay, anaitwa Syprosa, alisimama kuishukuru serikali kwa kuwakumbuka tena. Nami niliandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, kwamba wananchi wameafiki kwa kauli moja. Mvua ikatuwahi tukiwa garini, na tulikuwa na furaha.

Mke wa Zadock ndiye aliyeligundua kosa. Caren alikuwa akiuza omena, dagaa wa ziwani, katika soko la Katito, omena aliyomletea dada yake kutoka Asembo Bay, na alijulikana kwa gorogoro, kopo lake la kupimia, lililojaa hadi likamwagika. Siku chache baada ya baraza alimsikia Syprosa akiwaeleza wenzake rangi ya mabati atakayoezekea nyumba pesa ya barabara ikifika. Wengine nao walikuwa na mipango yao. Jumamosi Zadock alipofika nyumbani, Caren alimwekea chakula, akangoja ale, kisha akamuuliza aliwaambia watu nini. Zadock alinisimulia kwamba alirudia maneno yake yote pale mezani, na alipofika kwenye chudo alijisikia mwenyewe.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Griffin kabla ya mfagiaji. Griffin si mtu mbaya, na alikuwa na wakubwa wake juu. Ripoti ilikuwa imekwisha kufika Nairobi, imesifiwa, na hatua ya pili ilikuwa imepangiwa tarehe. Mlango ulikuwa wazi na sisi sote tulisikia.

"Wametupigia makofi, Mzee," Griffin alisema. "Sasa unataka watufanyie nini ingine?"

"Hiyo makofi ni ya pesa hawatapewa," Zadock akajibu. "Mimi ndio nimewaambia uongo, na sikujua. Sasa najua."

Walibishana siku kadhaa. Mwishowe Griffin, na hili nalisema kwa sifa yake, aliandika kwamba ofisi ya Kisumu inaiondoa ripoti yake na itaanza upya. Kazi ya karibu mwaka mzima ikarudi nyuma. Nairobi hawakufurahi, na cheo cha juu ambacho Zadock alikuwa akikikaimu kilipewa mtu mwingine. Zadock alimkaribisha mtu huyo kwa chai yake ile ya sukari, na hatukumsikia akinung'unika.

Kilichomuumiza kilikuwa Katito. Alikwenda mwenyewe, siku ya soko, akapita banda kwa banda akieleza kwamba hakuna fidia, kwamba ni wao watakaolipa, na kwamba kosa ni la ulimi wake. Alidhani watu wangekasirika wakacheka baadaye, kama walivyofanya mara nyingi. Hawakucheka. Mtu aliyekwisha kuona mabati mapya juu ya nyumba yake hacheki. Ikasemwa kwamba ofisi imemnunua, kwamba jamaa amewauza watu wa kwao, na kwamba sasa anajifanya kukosea kwa sababu amebanwa. Na kwa kuwa Zadock alikuwa Kisumu siku nyingi za wiki, hasira ilimkuta Caren.

Hakuna aliyemtukana. Wanawake wale walipita tu mbele ya meza yake bila kusimama. Wakanunua omena kwa wengine. Gorogoro lake lilizidi kujaa na halikupata mfuko wa kumiminiwa, na jioni alirudisha magunia nyumbani kama alivyoyatoa. Zadock alimsihi apumzike, ahamie kwa muda katika nyumba aliyopanga Kaloleni. Caren alikataa. Alisema kwamba akifunga meza atakuwa amekubali kwamba mumewe ni mwongo, basi akaendelea kukaa pale, siku ya soko baada ya siku ya soko.

Tukaitisha baraza la pili. Tulitangaza redioni, makanisani, kwa chifu, na viti vikapangwa safu baada ya safu. Hawakuja. Katika kazi yangu nimeona mabaraza yenye ugomvi na yenye mawe, lakini sijawahi kuona kitu cha kuhuzunisha kama viti vile vitupu. Alikuwapo chifu, kwa sababu ilimlazimu. Kisha nikamwona Caren akija kutoka sokoni, kitambaa cha kazi bado kiunoni, akaketi safu ya mbele, katikati, peke yake.

Nilidhani Zadock angeahirisha. Alivua kofia, akasalimu mkutano, akaanza. Alisoma karatasi yote kwa sauti ile ile ya kufika ng'ambo ya barabara, akaitafsiri, akaeleza safari ya faili kutoka hapa hadi kwa waidhinishaji, kisha akauliza kama kuna mwenye swali. Caren akainua mkono kama mtu mwingine yeyote. Zadock akampa nafasi. Caren akasimama, akanitupia jicho mimi niliyekuwa nikiandika, maana alijua mimi ni Mluhya na Kijaluo kinanipita, akamwambia mumewe kwa Kiswahili.

"Hiyo neno yako waachie watu wa Nairobi. Wewe sema osuru. Sema ushuru. Ukisema ushuru, hakuna mama hapa atakupigia makofi."

Chifu alicheka, nami nikacheka. Zadock aliandika neno lile kiganjani kwa kalamu kama mtoto wa shule. Kila mchuuzi wa kando ya ziwa anaujua ushuru: yuko mtu getini, unatoa, unapita, na usipotoa mzigo wako unabaki pale. Lilikuwa neno la soko, na mtu wa soko ndiye aliyelileta. Tulimaliza baraza la mtu mmoja kwa sala, kama kawaida.

Hatukujua kwamba Caren alikuwa mgonjwa. Nafikiri yeye alijua. Uvimbe ulikuwa umemkaa tumboni muda mrefu, na alikuwa akisema ni uchovu wa kubeba magunia. Alipopelekwa hospitali kubwa hapa mjini, madaktari walizungumza na Zadock pembeni. Alifariki mwaka jana kabla ya mvua za masika kwisha, bila kuona kama neno lake lingefanya kazi.

Wengi wetu tulikwenda kwenye mazishi. Watu wa Katito walikuja, kwa sababu mazishi hayasusiwi. Waliketi chini ya mahema, wakaimba zilipoimbwa nyimbo, wakatupa udongo, wakala kidogo, wakaondoka. Wanaojua matanga ya huku watanielewa nikisema kwamba palikuwa kimya mno. Mama wa soko aliyeuza miaka ile yote alistahili kuliliwa hadi sauti zikauke, na wanawake wa soko walisimama nyuma, wamekunja mikono. Zadock alirudi kazini baada ya likizo yake, akaketi, akawasha kompyuta, na hakuigusa. Nilimpelekea chai. Hakuitia sukari.

"Debra," akaniambia, "walimzika. Hawakumlilia."

Ndiyo siku niliyosema pale juu kwamba alizeeka. Alikuwa na ruhusa ya kuomba kazi nyepesi hadi astaafu, na Katito angeweza kutumwa mtu mwingine. Tulimshauri hivyo, mimi wa kwanza. Alisema faili ile imeanza kwa mdomo wake na kwamba hawezi kwenda kuishi uzeeni miongoni mwa watu ambao hajawaeleza jambo sawasawa.

Baraza la tatu lilifanyika mwaka huu. Safari hii hakutegemea redio wala chifu. Wiki nzima alikwenda kwa miguu, boma kwa boma, akiomba tu kusikilizwa mara moja ya mwisho kabla hajastaafu. Wakaja. Walikuja wakiwa wamenuna, lakini walikuja, na viti havikutosha. Bw. Balwant, mwenye malori hapa mjini, alikuwapo pia na madereva wake. Syprosa aliketi pembeni, uso ameugeuzia sokoni.

Zadock hakusoma karatasi. Alisema kwamba mara ya kwanza aliwapa neno bovu, na kwamba neno zuri alipewa na Caren katika baraza ambalo wao hawakuja. Kisha akalitamka. Ndara mar osuru. Patawekwa geti. Mwenye gari atatoa ushuru ndipo apite, na gharama hiyo itapanda juu ya nyanya, juu ya omena, juu ya nauli. Serikali inawauliza kama wanakubali, na wakikataa waseme kwa nini, naye ataandika.

Hakuna aliyepiga makofi. Zadock akatugeuzia mgongo, akaitazama milima ya Nyakach. Mimi nilijua anamwona nani. Nadhani Syprosa naye alijua, maana alikuwa ameinamisha kichwa.

Yeye ndiye aliyeanza. Aliuliza kama mtu wa bodaboda mwenye beseni la nyanya atakuwa na njia nyingine. Bw. Balwant akauliza malori yatahesabiwaje. Mwalimu mstaafu akauliza geti litakaa miaka mingapi, na nani atalitoa. Maswali yalikwenda hadi alasiri, na jibu lao likawa hapana, mpaka barabara ya zamani iachwe wazi bila malipo na itengenezwe kwanza. Zadock alichapa ripoti hiyo kwa kidole chake kimoja. Iko Nairobi sasa, ni ripoti ya watu waliokataa wakijua wanachokikataa, na faili imeanza safari yake upya. Itaidhinishwa au haitaidhinishwa, hatujui. Zadock hatakuwapo kazini kulisikia jibu, na hilo halimsumbui sana.

Linalomsumbua ni kurudi nyumbani. Katika wiki hizi za mwisho amekuwa akikawia kufunga vitu vyake. Ameniuliza kama aendelee kupanga Kaloleni, yeye mwenye boma kubwa lenye miembe na kisima. Mtu aliyewakalisha pamoja watu wa kanda nzima anaogopa kwenda kuketi peke yake katika kijiji alichozaliwa, karibu na kaburi ambalo majirani walilipita kimya. Sikutaka kuliandika hili kwenye kijitabu cha sherehe. Nimeliandika kwa sababu ya aliyekuja ofisini wiki iliyopita.

Alikuwa Syprosa, na wenzake wawili wa sokoni. Walimkwepa Zadock makusudi, wakanitafuta mimi. Waliuliza sherehe ni lini na gari gani litampeleka Mzee. Nikawauliza kama wangependa kupewa nafasi ya kusema kwenye ratiba. Walikataa, hawataki kusema kitu. Syprosa alichezea kona ya leso yake, kisha akanieleza walichokuja kutafuta.

"Caren tulimzika na macho kavu, na ni yeye alituambia ukweli. Sasa Mzee tutampeleka nyumbani sisi wenyewe. Tukifika, tutaenda kwa kaburi kwanza, tulie ile kilio hatukulia."

Tumewaandalia basi la ofisi.

Mzee Zadock, sasa nazungumza nawe, maana utakuwa unasoma haya na soda mkononi huku wageni wa Nairobi wakihutubia. Ofisi yako inakushukuru kwa miaka yote, kwa kila ugomvi ulioutuliza kabla wahandisi hawajashuka garini, na zaidi kwa kurudi Katito wakati ungeweza kunyamaza na kula makofi yako. Tutaikosa sauti yako hata tukiwa tumeziba masikio. Tunakuombea afya, mvua kwa wakati wake, na majirani wa kubisha hodi bila sababu.

Wale akina mama waliovaa leso, walioketi nyuma karibu na lango, ndio hao. Wamekuja kukuchukua. Mkifika nyumbani nao wakaanza kulia, usiwanyamazishe.

Debra Nelima,
kwa niaba ya wafanyakazi wenzako, Kisumu